Duara la Buluu Juu ya Maziwa

Msimu ule nilikuwa siwezi kukaa. Nikikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba nilichopanga Garsen, miguu ilianza kucheza yenyewe. Nikisimama nilitaka kwenda mahali, na nikifika hapo mahali nilitaka kurudi. Mwenye duka la mbele, Msomali mpole aliyeuza simu na mikeka, aliniuliza kama kuna mtu ninayemngojea kwenye basi la Lamu. Nikamwambia nangoja maziwa.

Haukuwa uongo. Kila asubuhi wanawake wa Kiorma walikuja mjini kutoka manyata, maboma yao ya huko mbugani, wengine kwa pikipiki na wengine kwa miguu, na madumu ya manjano yaliyozibwa kwa vitambaa. Walikaa chini ya banda la mabati karibu na steji ya mabasi. Kazi yangu ilikuwa kumwomba kila mmoja maziwa kidogo, kama kijiko hivi, niyatie kwenye kichupa na kukiweka kwenye kisanduku cha barafu. Nilikuwa mtafiti wa magonjwa yanayotoka kwa mifugo kwenda kwa watu, na utafiti huu ulihusu brusela. Ng'ombe mwenye brusela hutupa mimba. Mtu akinywa maziwa yake mabichi, au akimshika kwa mikono mitupu ndama aliyezaliwa kabla ya wakati, anashikwa na homa inayokuja na kwenda, jasho, maumivu ya mgongo na ya magoti. Mwanamke mja mzito anaweza kupoteza mtoto. Na kwa sababu homa yenyewe inafanana na malaria, wengi hupewa dawa ya malaria, wakapata nafuu kidogo, kisha wakarudi walikotoka.

Nilikuwa na shida moja ambayo haikuwekwa kwenye mpango wa utafiti. Mimi ni Mpokomo, mzaliwa wa Wema. Kwetu ni watu wa mto, wa mpunga na ndizi. Waorma ni watu wa ng'ombe. Kuna miaka tuliuziana na kualikana harusini, na kuna miaka mibaya ambayo hata salamu ilikatika. Miaka hiyo ilikuwa imepita, ila haikuwa imekwenda mbali.

"Wewe mtu wa mto," mmoja wao aliniambia siku ya kwanza, "unataka nini na maziwa yetu?"

Alikuwa wa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya kukata maneno kama anayekata kamba. Nilimweleza kwamba tunatafuta ugonjwa, si wa maziwa peke yake, wa ng'ombe na wa watu. Alisikiliza mpaka mwisho, akawageukia wenzake akasema kitu kwa Kiorma, wakacheka wote. Kisha akanyoosha mkono achukue kichupa.

"Nimewaambia huyu ni daktari lakini anaomba kama paka," alisema. "Lete."

Ndiye aliyekuwa mkalimani wangu tangu hapo. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wenzake, maana alisoma shule mpaka alipoolewa. Yeye aliniita daktari, na mimi nilimwita dada.

Baada ya muda tukawa marafiki, akanialika kwao. Tulikwenda kwa pikipiki kwenye udongo mweusi uliopasuka, na palipobaki tope la mafuriko tulishuka tukatembea, viatu mkononi. Mama mkwe wake alitupokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, ambaye macho yake hayakuniacha hata nilipoinama kupita. Aliniwekea mkeka, akaleta chombo kirefu cha kusukwa, kilichofukizwa moshi ndani mpaka kikawa cheusi, akanimiminia kikombe cha maziwa lala, yaliyochachushwa yakiwa mabichi. Yalikuwa mazito, meupe, yenye harufu ya moshi. Nilikulia nikiyapenda maziwa ya namna hiyo.

Na sikuweza kuyanywa. Nilikuwa nimesomea miaka mingi kile ambacho kinaweza kuwamo ndani ya kikombe kile. Nilikuwa nimekaa wodini na watu waliokipata. Lakini sikuwa na jibu lolote kuhusu ng'ombe wa boma lile, na huwezi kumwambia mwenyeji wako kwamba unakiogopa chakula chake kwa sababu ya jambo usilolijua. Nilisema tumbo langu si zuri. Nilikishika kikombe kwa muda mrefu, nikakirudisha chini taratibu.

Mama mkwe alisema maneno machache. Rafiki yangu hakuyatafsiri.

"Amesema nini?" nilimuuliza tulipotoka.

"Amesema watu wa mto hawanywi kutoka chombo chetu. Kwamba ni kama zamani."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijibishana na yule mama kichwani, na kila jibu langu lilikuwa zuri, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kumwambia.

Maziwa ya ng'ombe hupimwa kwa njia rahisi. Unatia tone la dawa yenye rangi kwenye maziwa, unatikisa, unayaacha kwenye joto. Krimu ikipanda juu na kuacha rangi chini, hakuna neno. Krimu ikipanda na rangi, likatokea duara la buluu juu ya maziwa meupe, hapo pana mashaka. Nilikuwa na mashine ndogo ya kutunza joto, ingawa chumba chenyewe pale Garsen saa za mchana kilitosha kupika yai. Nilipopima vichupa vya wiki ile, vingi havikuweka duara. Vichache viliweka duara hafifu. Kimoja kilikuwa na duara lililokoza, kama mtu amelichora kwa kalamu. Nilitazama karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kilikuwa cha rafiki yangu.

Nilichukua maziwa yake tena wiki iliyofuata, na tena. Duara lile lile.

Nilianza kumwangalia kwa macho mengine. Siku ambazo hakuja sokoni. Jinsi alivyoinuka kutoka kwenye ndoo aliyokalia, mkono kiunoni, kama bibi kizee. Nilimuuliza kana kwamba nauliza tu.

"Malaria," alisema. "Mimi na malaria tumeoana. Napewa dawa, inaondoka, inarudi."

"Na watoto?"

"Nina mmoja. Wawili walitoka kabla ya wakati." Alifunga dumu lake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mungu ndiye anajua."

Nilimpigia simu mkuu wangu wa utafiti Nairobi. Nikamwambia nimepata duara mara kadhaa kwenye maziwa ya mtu mmoja, na mtu huyo ana dalili. Alinijibu kwa upole, na hakukosea. Kipimo cha duara huonyesha njia tu, hakithibitishi. Sampuli zilikuwa zimeshafika maabara kuu, zinangoja zamu. Majibu yangepelekwa kwanza kwa ofisi ya mifugo ya kaunti, kisha kwa wafugaji kwa pamoja, katika mkutano, ili asinyooshewe mtu mmoja kidole.

"Subiri," alisema. "Siku chache tu."

Siku chache zikawa si chache. Mashine ya kule iliharibika, kisha dawa fulani ikaisha. Kila nilipopiga simu niliambiwa karibu, karibu. Nilikuwa nikienda mpaka darajani kuuangalia mto Tana unavyopita na matawi yake na povu, narudi. Nilikwenda mnada wa mifugo bila kazi yoyote huko, nikazunguka katikati ya ng'ombe na vumbi, nikiwatazama madume wanavyopakiwa kwenye lori, nikijiuliza yupi ametoka boma lipi. Niliagiza chakula hotelini nikakiacha. Niliosha vichupa visafi.

Mwishowe nilikwenda Wema kwa mama. Nilimkuta shambani, maji yakimfika vifundo vya miguu, anang'oa magugu kwenye mpunga. Niliingia naye nikaanza kung'oa, nikamsimulia. Hakunitazama.

"Mwanangu, unang'oa mpunga," alisema.

Niliangalia mkononi. Kweli.

"Huyo mwanamke ni mgonjwa?" aliniuliza.

"Nadhani."

"Hospitali ipo?"

"Ipo."

"Sasa unaniuliza mimi nini?" Alinyoosha mgongo. Uso wake ulikuwa na hasira kidogo, ya mtu aliyekatizwa kazi. "Au kwa sababu ni Muorma ndiyo umekuja kuniomba ruhusa?"

Nilisema hapana. Sina hakika mpaka leo kama ilikuwa hapana. Nilipanda pikipiki jioni ile ile nikarudi Garsen.

Asubuhi nilimngoja kwenye banda. Nilikuwa nimejipangia maneno usiku, nikayatafakari njiani: sitamwambia habari ya maziwa, maana majibu bado, lakini hakuna sheria inayonikataza kumwambia mgonjwa aende kupimwa damu. Alipokuja nilimvuta kando, nyuma ya banda, penye magunia ya makaa.

"Dada, nataka uende hospitali. Uwaambie wakupime brusela, si malaria peke yake."

Hakuwa mjinga, na alikuwa ametafsiri maelezo yangu kwa nusu ya wanawake wa Garsen.

"Ni maziwa yangu?"

"Majibu hayajathibitishwa."

"Sijakuuliza majibu. Nimekuuliza wewe."

Kulikuwa na basi linapiga honi steji. Nilingoja limalize.

"Inaweza kuwa," nikasema.

"Kwa hiyo siku ile nyumbani. Kile kikombe."

"Ndiyo. Niliogopa. Si kwa sababu ya zamani. Niliogopa hii."

Nilidhani atacheka, au atanitukana. Alikaa chini juu ya gunia, akajifunika uso kwa shela. Alipoinuka alisema, "Twende sasa hivi, kabla sijaanza kuogopa na mimi," akamwachia mwenzake dumu amwangalizie.

Majibu ya damu yake yalitoka siku hiyo hiyo: brusela. Daktari wa zamu alimpima na mimba kwanza, kwa sababu dawa zenyewe hazimfai mja mzito, na alipoona hana akampa dawa za aina mbili za kumeza kwa wiki nyingi bila kukatiza hata siku moja. Alimwambia aache maziwa mabichi. Rafiki yangu aliuliza kama daktari anajua anachosema. Mtu wa kwao kuacha maziwa ni kama mtu wa Garsen kuacha hewa. Daktari alicheka. Rafiki yangu hakuwa anatania.

Habari haikukaa. Kabla ya Ijumaa soko zima lilikuwa linajua kwamba msichana wa Wema amesema maziwa ya Waorma yana ugonjwa. Sikuwa nimesema hivyo, lakini ndivyo ilivyofika. Hoteli moja ikabandika tangazo kwamba inatumia maziwa ya pakiti. Nilipofika kwenye banda na kisanduku changu, hakuna aliyeninyooshea dumu. Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akinitania kila siku alinigeuzia mgongo.

"Chai haina shida!" nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Maziwa yakichemshwa yanakuwa salama. Tatizo ni mabichi, na lala ya mabichi."

"Sisi tunauza lala," alisema bila kugeuka. "Umetuulia soko."

Rafiki yangu alikuwa amekaa pembeni, mdomo umekauka kwa zile dawa. Hakunitetea. Aliniambia baadaye, wakati wenzake wameondoka, kwamba alikuwa na hasira na mimi kama wao, ila hasira yake ilikuwa na homa ndani, na homa imeanza kupungua.

"Umesema tuchemshe," alisema. "Sawa. Njoo nyumbani uonyeshe lala inatoka vipi kwenye maziwa yaliyochemshwa. Umuonyeshe mama."

Hilo sikuwa nimelisomea. Nilijua yale ya kwenye vitabu: chemsha, poza, tia kijiko cha lala ya zamani kuamsha uchachu, funika. Lakini lala yao ya zamani ndiyo yenye mashaka, ukiitia umerudisha ulichokitoa. Nikanunua maziwa lala ya pakiti dukani, yaliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, niyatumie kama mbegu, nikaenda nayo manyata.

Mama mkwe aliangalia sufuria likitokota, mikono kifuani.

"Maziwa hii sasa imekufa," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Imekufa kabisa. Wewe naona mvuke? Hiyo ndiyo roho yake."

Mara ya kwanza yalitoka maji maji, yenye harufu ya sufuria. Aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akayamwagia mbuzi, na mbuzi naye akaondoka. Mara ya pili yalichacha upesi mno, yakakatika. Nilitaka kuacha. Nilikuwa nimekuja kupima ugonjwa, si kupika, na barua pepe za ofisi zilikuwa zimejaa kwenye simu yangu. Rafiki yangu ndiye aliyesema labda tumeyatia yakiwa na joto sana. Mama mkwe, ambaye mpaka hapo alikuwa mtazamaji tu, aliinuka akaleta kile chombo chake cha kusukwa. Nilikiangalia nikaingiwa na wasiwasi mpya, kwa sababu kilikuwa kimeshawahi kubeba maziwa mabichi. Nikamwomba, kwa maneno niliyoyachagua moja moja, kama ana chombo ambacho hakijatumika.

Kisha akaingia ndani, akatoka na chombo kipya, cha rangi ya nyasi, bado hakijaguswa na moshi. Alikuwa amekisuka kwa ajili ya harusi ya binti wa nduguye. Alichoma vijiti, akatia makaa ndani, akakitikisa na kukitikisa mpaka tukapiga chafya wote watatu.

Maziwa ya safari hiyo yaliganda. Hayakuwa mazito kama yake, lakini yalisimama kwenye kijiko, na moshi ulikuwemo. Alimimina vikombe vitatu. Nilikunywa changu chote, nikaramba ukingo. Alinitazama mpaka nilipomaliza, ndipo akanywa chake.

"Hii si maziwa lala," alisema. Akafikiri. "Lakini nitakunywa."

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalinyooka. Rafiki yangu alianza kuuza lala ya kuchemsha, na wanawake wengine kadhaa wakamfuata, hasa wale wenye wasichana walioolewa karibuni. Yule mwanamke mnene hakufuata. Kuni ni kazi, na wateja wazee walirudisha vikombe wakisema ladha imepotea. Mama mkwe mwenyewe, nilisikia, alikuwa bado anakunywa mabichi asubuhi kule malishoni, mahali ambapo hakuna wa kumwona.

Majibu kutoka Nairobi yalikuja wakati rafiki yangu anakaribia kumaliza dawa. Yalithibitisha maboma kadhaa, lake likiwemo. Mkutano ukaitishwa kwenye ukumbi mmoja Garsen, wazee wa Kiorma mbele, Wasomali wafanyabiashara wa ng'ombe nyuma, na mimi kando ya ukuta pamoja na mkuu wangu aliyesafiri kuja. Alieleza vizuri. Alipomaliza, mwanamume mmoja wa makamo alisimama. Nilimtambua kwa picha niliyowahi kuonyeshwa kwenye simu. Alikuwa mume wa rafiki yangu, aliyekuwa malisho ya mbali na kundi lake kipindi chote kile.

"Tumesikia habari ya maziwa," alisema. "Tumesikia habari ya watu. Mke wangu amepona, tunashukuru. Na ng'ombe?"

Mkuu wangu alieleza kwamba chanjo ipo kwa mitamba wachanga, yaani ng'ombe jike ambao hawajazaa, na kwamba kaunti imeombwa iilete. Ng'ombe ambaye tayari ameambukizwa hatibiki. Inashauriwa aondolewe kundini.

"Aondolewe apelekwe wapi?" yule mwanamume aliuliza. "Nimuuzie nani? Huyu hapa?" Akamwonyesha mfanyabiashara aliyekaa nyuma, watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Au nimchinje mama wa kundi langu kwa sababu ya rangi kwenye chupa?"

Mkuu wangu alisema ni swali zuri. Palikuwa na mambo ya kusema kuhusu fidia na sera, na yote yalikuwa ya watu wengine, wa ofisi nyingine.

Mkutano ulipovunjika nilitoka nje haraka, sikutaka kushika soda wala kupiga picha ya pamoja. Yule mwanamume alinifuata na mkewe nyuma yake.

"Daktari," alisema. "Kuna ng'ombe anazaa tangu asubuhi, na siku zake hazijatimia. Utakuja?"

Tulikwenda watatu, pikipiki mbili. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu karibu na zizi, anakoroma, kwato mbili ndogo zimetoka na zimekwama. Mume alishaanza kukunja mikono ya shati. Nilifungua mkoba nikamtolea glavu ndefu za plastiki, zinazofika begani. Alizitazama kama nimempa gauni.

"Nimezalisha ng'ombe tangu nikiwa mtoto," alisema.

Mkewe alisema neno moja kwa Kiorma. Sikulielewa na sikuuliza. Mume alichukua glavu, akavaa, nami nikavaa zangu.

Tulivuta pamoja, tukipumzika kila ng'ombe alipopumzika. Ndama alitoka ghafla pamoja na maji mengi, mdogo, manyoya mafupi, amelegea. Nilimfuta pua, nikamsugua mbavu kwa nyasi, nikamsugua tena. Akapiga chafya.

"Anaishi?" mume aliuliza.

"Kwa sasa."

Rafiki yangu alitaka kumshika ndama, akajizuia, akarudisha mikono nyuma ya mgongo. Niliwaambia tuzike kondo la nyuma mbali, chini sana, mbwa wasilifikie. Mume akatafuta jembe. Mama yake ndama alikuwa amesimama, miguu inatetemeka, anamlamba mwanawe, na chuchu zake zimejaa maziwa ambayo bado sijayapima.